Uzoefu wangu: Kukodi mashua kutoka Lamu hadi magofu ya Takwa

Huduma ya mashua za kukodi kwenye gati la Lamu naipa nyota 4 kati ya 5 kwa safari ya Takwa, kisiwani Manda. Nyota hizo ni za manahodha zaidi kuliko za vyombo, kwa kuwa hapa safari nzima ni hesabu ya maji. Magofu yako mwishoni mwa mkono mwembamba wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mkono huo hupitika maji yakijaa tu. Yakishakupwa hubaki tope, na chombo kilichochelewa hulala palepale mpaka yarudi.

Kwa hivyo usianze na bei. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, na mtatoka Takwa saa ngapi. Anayeijua kazi hujibu papo hapo kwa kuutazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku hizo za bamvua, maji yanapojaa sana, ndizo bora: ondokeni Lamu saa nane, mpate kutembea bila haraka na kung'oa nanga saa kumi na nusu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa asubuhi, lakini kidogo, na chombo kikubwa kinaweza kugusa chini. Chukua chombo kidogo, na hakikisha pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, imo. Injini ikilazimishwa kwenye kina kifupi huvuta tope na mwani katika njia ya maji ya kuipozea, ikapata moto na kuzimika katikati ya mikoko. Nahodha mzuri huinua injini mapema na kushika pondo.

Kwa injini ni kama nusu saa. Kwa tanga ni saa moja au zaidi, kwa kutegemea upepo. Mwezi wa 6 hadi wa 8 upepo wa kusi hupiga sana, na upande wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, mlango wa bahari uko wazi kwa bahari kuu. Tazama farumi, uzito wa kutuliza chombo, kabla ya kupanda: mashua nyepesi isiyo na mifuko ya mchanga ya kutosha hulala upande kila upepo ukizidi. Simu ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Takwa yenyewe inastahili gharama yote. Ni mji wa karne ya 15 hadi ya 17. Msikiti wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo usiloliona kila mahali, na kisima na birika la kutawadhia bado vipo. Nje kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680. Inasemekana maji ya visima yaliingia chumvi na watu wakahamia Shela. Hata sasa watu wa Shela huja kwenye kaburi hilo kuomba dua ya mvua. Ndiyo maana nashauri mpite Shela mnaporudi, kama jua lipo. Vilima vya mchanga vya Shela hunyonya mvua na kuhifadhi chini yake maji matamu yanayotumiwa na mji wa Lamu. Ukiviona baada ya Takwa, unaelewa kwa nini mji mmoja ulikufa na mwingine unaishi. Panda kwa miguu, na usiyakanyage majani yanayoshika mchanga.

Nyota moja nimeiondoa kwa ajili ya usalama na kivuli. Mara nyingi jaketi za kuokolea maisha zimesongwa omoni, mbele ya chombo, chini ya magunia. Sema zitolewe na kila mtu avae yake, watoto kwanza, kabla kamba haijafunguliwa. Turubai la kuzuia jua si vyombo vyote vinalo.

Bei hupatanwa kwa chombo kizima, si kwa kichwa. Kiingilio cha magofu ni cha Makumbusho ya Taifa na huwa nje ya bei ya mashua, basi uliza wazi. Saa za kungoja pia zitajwe mapema, pamoja na chakula kama kipo. Toa arubuni ya mafuta, pesa iliyobaki ulipe mkirudi. Mkifika maji yameshashuka, ngazi za chini za gati huwa na mwani na zinateleza. Wazee washikwe mkono.