Bega la kugeuzwa: kilemba nafunga, zipu ya nyuma ndo shida

Mi ni mwalimu mstaafu nipo hapa Dodoma, huu mwezi wa tisa toka niwekewe bega bandia la kulia. Kabla ya hapo mkono ulikua haupandi kabisa, nikitaka kuchana nywele kichwa ndo nakishusha kiufuate mkono, na shamba la zabibu Hombolo nilikua naenda kukaa tu kivulini kuangalia wenzangu wakivuna.

Eksirei na siti skani zikaonyesha zile kano zinazolishika bega zimekatika siku nyingi hazishoneki tena, mfupa umepanda juu unasagana. Daktari akanionyesha hilo bega bandia lenyewe mkononi. Sasa bega la kawaida duara lipo kwenye mfupa wa mkono, kibakuli kipo upande wa bega, hili wamegeuza: tufe la chuma linafungwa kwa skrubu kwenye kombe la bega na kibakuli cha plastiki kinakaa juu ya mkono. Nikamwambia dokta hapo si umeshika kinyume, akacheka sana. Kumbe kano zikishaisha, ule msuli mnene wa nje, pale tunapochomwaga chanjo, ndo unabaki kubeba kazi yote, na huko kugeuza kunausogezea mkono upate kuvutika vizuri. Aliyelianzisha hilo ni Mfaransa Paul Grammont, miaka ya 1980 huko.

Alichokikazia zaidi ni tufe likae wapi, anataka likae chini kabisa, maana likipanda juu basi kila ukishusha mkono kibakuli kinagonga mfupa huku upande wa kwapa na kuutafuna kidogo kidogo. Na bega likiachwa limelegea linachomoka, likikazwa mno msuli unachoka. Kwa hiyo sio suala la kuwa na kifaa kizuri tu jamani, anayekiweka ndo habari yenyewe.

Wiki 6 za slingi, kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, sizitaki kuzikumbuka, kulala nimekaa kama niko kwenye basi la usiku. Fizio, wale wa mazoezi ya viungo, wazuri ila foleni aisee, unafika saa moja unatoka saa saba.

Ninacholalamika ni kwamba hakuna aliyeniambia mapema kwamba mkono kwenda nyuma ya mgongo ingekua shida. Nilikuja kuambiwa nishafanyiwa tayari, usijisukume kwenye kiti mkono ukiwa nyuma, linaweza kuchomoka. Nyota 4 kati ya 5. Sufuria ya juu kabatini naishusha, kilemba nafunga mwenyewe, zabibu navuna ila kreti sibebi. Zipu ya gauni mpaka nimwite mjukuu, akiwa shule navaa dera.