Bringing Out the Dead: filamu ya watu wa zamu ya usiku

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, na filamu nyingi za hospitali nazizima mapema. Hii ya Martin Scorsese, ya mwaka 1999, niliitazama mpaka mwisho. Nicolas Cage ni Frank, mhudumu wa gari la wagonjwa jijini New York mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tunakesha naye mara tatu, na kila mara garini ana mwenzake mwingine. Macho yamemzama, usingizi haupati, na barabarani kila sura ni ya Rose, msichana ambaye Frank alishindwa kumwokoa.

Anamwomba bosi wake amfukuze kazi. Bosi anamwahidi kumfukuza, kisha anamrudisha barabarani kwa kuwa zamu haina watu. Jamani, hapo nilisimamisha filamu kidogo. Ukichoka kiasi hicho, hata kuacha kazi mwenyewe huwezi. Unatamani mtu mwingine akuamulie. Joe Connelly, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hii, aliwahi kuifanya kazi hii, na inaonekana.

Ving Rhames, mmoja wa wenzake Frank garini, ni moto. Kijana amezidiwa na dawa za kulevya, Rhames anawashikisha mikono rafiki zake na kuwaombesha kwa sauti, huku Frank akimchoma sindano ya kumzindua. Kijana anaamka, wote wanadhani ni muujiza.

Vurugu za Tom Sizemore, mwenzake mwingine wa garini, zimezidi chumvi, na sehemu za Patricia Arquette, anayeigiza binti wa mgonjwa, zinakwenda polepole. Damu na matusi vipo vingi, watoto wasiwepo. Ila wakuu wa vitengo vyetu, tafadhali itazameni.