Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago: huduma ya kubadilisha vali

Kama una mgonjwa wa moyo na unajiuliza kama Kampala wanaweza au uanze kuchangisha pesa za matibabu India, soma haya kwanza. Mdogo wangu, dereva wa lori hapa Busia, amebadilishiwa vali, yaani kilango cha moyo kinachozuia damu kurudi nyuma, hapo Mulago, Kampala, na mimi dada yake ndiye niliyemuuguza.

Ugonjwa wake ni endokaditisi, maambukizi ndani ya moyo. Vijidudu huingia kwenye damu, pengine kupitia jino bovu au kidonda, vikajishikiza kwenye vali, hasa iliyokwisha kuharibika. Yake iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Kliniki moja ya mtaani ilimtibu malaria, kisha taifodi, ikampa antibaiotiki bila kupima damu. Hilo bado linaniuma. Dawa hizo zikitangulia, maabara inaweza isikipate kijidudu chenyewe, daktari akabaki kukisia.

Mulago walimtoa damu kwanza, chupa kadhaa, mikono yote miwili, ndipo wakaanza dawa ya mshipa. Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha kinyama, bonge la vijidudu, kinachopepea kwenye vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo. Daktari alinigeuzia skrini nikione, akanieleza kwa Kiswahili, maana Kiganda changu ni cha sokoni. Alisema dawa ya mshipa huchukua hadi wiki 6, lakini moyo ukishindwa kusukuma damu, au kinyama kikizidi milimita 10 na vipande vikaanza kumeguka na kwenda ubongoni, hawasubiri wiki ziishe. Mdogo wangu hakuweza tena kulala chali kwa kukosa pumzi. Wakampasua.

Maelezo yale nayapa alama zote. Nilitia sahihi nikijua ninachokubali.

Amewekewa vali ya kiwandani. Ile ya mnyama haimlazimu mtu kunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, ila kwa kijana huchakaa mapema. Kwa hiyo sasa anakunywa warfarini, damu yake lazima ipimwe, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2.5 na 3.5. Nesi wa kliniki alituketisha tukaongea chakula: mboga za majani kama nakati, dodo (mchicha) na sukuma asiziache, ila ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, asiguse, maana pamoja na warfarini inaweza kumtoa damu. Akienda kung'oa jino, amwambie daktari wa meno kuhusu vali, anywe antibaiotiki ya amoksilini gramu 2 kama saa moja kabla, na warfarini asiiache kwa uamuzi wake.

Mnaotoka mbali kama sisi, kabla hamjaruhusiwa ulizeni INR inapimwa wapi karibu na kwenu. Sisi tumepata maabara Mbale. Majibu tunamsomea nesi kwa simu, naye anatuambia kama dozi ipande au ishuke.