Bastola Mbili na Mshipi Mmoja: Tathmini ya Vifaa vya Upigaji Shabaha wa Vitendo katika Hewa ya Mombasa

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikishiriki upigaji shabaha wa vitendo hapa Mombasa, na katika muda huo nimetumia bastola mbili, ala tatu (ala ni mfuko wa kiunoni wa kubebea bastola) na mishipi miwili. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mwenzangu wa Pwani ambaye ameshapata kibali chake cha silaha, ameshajiunga na klabu, na sasa anajiuliza fedha zake azianzie wapi. Jibu langu ni kwamba azianzie kiunoni. Mshipi na ala vinavyofaa humsaidia mwanagenzi kuliko bastola ya bei ghali, na hewa yetu ya chumvi inalitia nguvu jambo hilo.

Mchezo wenyewe ulipewa sura rasmi mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, lilipoundwa shirikisho la kimataifa linalojulikana kwa herufi IPSC, Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, ambayo wapigaji huyafahamu kuwa usahihi, nguvu na kasi. Mpigaji hasimami mahali pamoja akalenga kwa utulivu. Hutembea, hukimbia, huchungulia dirishani na kupiga akiwa ameinama, kisha alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Mwenye alama 54 kwa sekunde 9 hupata 6, na mwenye alama 58 kwa sekunde 11.6 hupata 5, ingawa risasi za huyu wa pili zimekaa vizuri zaidi. Kwa hiyo mfuko wa magazini (kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola) unaokupotezea nusu sekunde unakupunguzia matokeo hata kama hukukosa shabaha hata moja.

Kabla ya kutaja bastola, ni lazima mtu achague daraja atakaloshindania, kwa maana kila daraja lina masharti yake. Mimi nilichagua Production, na ndilo ninalompendekezea anayeanza, kwa sababu bastola zake ni zile za kawaida za kiwandani, hazina darubini wala kipunguza teke (teke ni msukumo wa bastola inapopiga), na kila mtu hupewa alama kwa kipimo cha nguvu ndogo, hata akitumia risasi kali zaidi. Kikomo ni risasi 15 wakati wa kuanza, hata kama magazini ina nafasi ya 17 au 19. Usidanganywe na muuzaji anayesifu ukubwa wa magazini, kwa kuwa nafasi hiyo ya ziada hutaitumia.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa Glock 17, ya milimita 9, yenye uzito wa gramu 700 hivi pamoja na magazini tupu. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, na slaidi yake ya chuma, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, imetiwa kinga madhubuti. Niliitumia wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, nikaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila nilipotoka uwanjani, na haikushika kutu hata mara moja. Upungufu wake uko mkononi: kwa kuwa ni nyepesi, teke lake huinua mtutu, na mpigaji anayetaka kupiga mara mbili kwa haraka hulazimika kungoja kilengeo cha mbele kirudi mahali pake. Kifyatulio chake huvutwa kwa namna ile ile kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, jambo ambalo kwa mwanagenzi ni neema kubwa.

Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, ni CZ Shadow 2 kutoka Jamhuri ya Cheki, iliyotoka mwaka 2016. Ina uzito wa gramu 1,330 hivi, karibu maradufu ya ile ya kwanza, na uzito huo wote wa chuma huutuliza mkono kiasi kwamba kilengeo huonekana kama hakikuondoka. Hapo sina la kulalamikia. Lakini bastola hii ina nyundo, na sheria za Production zinataka nyundo iwe imeshushwa kabisa kabla ya kuanza, hali risasi imo ndani ya mtutu. Unaishika nyundo kwa vidole, unavuta kifyatulio, kisha unaiteremsha polepole huku mtutu umeelekezwa kwenye tuta la mchanga. Vidole vikiwa na jasho, na hapa kwetu vina jasho tangu saa tatu asubuhi, nyundo inaweza kuponyoka, risasi ikatoka, nawe ukaondolewa mashindanoni papo hapo. Mimi hupangusa mkono kwa taulo ndogo ninayoitundika mshipini kabla ya kila zamu, na singemshauri mtu aishike bastola hii kabla hajafanya zoezi hilo mara nyingi bila risasi, mbele ya mwalimu.

Na chumvi haikuiacha salama. Baada ya miezi minne nilifungua vishikio vya pembeni, nikakuta pale jasho linapopenya alama za rangi ya chungwa, ndogo kama mbegu za ufuta, zimezunguka tundu za skrubu. Sehemu ya nje ilikuwa bado nyeusi na safi, ndiyo maana sikushuku. Tangu hapo hufungua vishikio kila mwisho wa mwezi, hupaka mafuta mepesi, na sefu yangu huiwekea vifuko vya kufyonza unyevu. Bastola isilale ndani ya ala hata usiku mmoja.

Sasa nirudi kwenye ala. Ya kwanza niliinunua katika duka moja mjini, ambako muuzaji alinihakikishia kwamba ngozi nene ndiyo chaguo la mabingwa. Masika yalipofika ngozi ikavimba, ikaibana bastola hata nikawa naivuta kama anayeng'oa muhogo. Jua la kaskazi lilipowaka ikalegea. Siku moja nikiwa nimeinama kubandika karatasi kwenye matundu ya shabaha, bastola tupu iliteleza ikaanguka changaraweni. Nilinyosha mkono kuiokota, na mwamuzi akanipigia kelele nisiiguse. Kanuni ni hiyo: bastola iliyoanguka huokotwa na mwamuzi, naye huikagua na kumrejeshea mwenyewe, ilhali anayejiokotea huondolewa mashindanoni. Ingekuwa na risasi, hata kelele zile zisingenisaidia. Niliipeleka ala hiyo kwa fundi wa viatu wa Mwembe Tayari ili aikaze, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, ngozi hii imekunywa jasho mpaka imeshiba," akanirudishia bila kunitoza hata shilingi.

Ninayotumia sasa ni ya Kydex, plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, yenye skrubu ya kukaza au kulegeza. Hainyonyi maji, huoshwa kwa sabuni, na bastola ikiingia hutoa mlio mfupi unaokuarifu kwamba imekaa. Inafungwa kwenye mshipi wa tabaka mbili: wa ndani laini unapita katika vitanzi vya suruali, wa nje mgumu unagandamana nao kwa velkro. Mshipi wangu wa kwanza ulikuwa wa kawaida, na kila nilipochomoa bastola ulipanda nao hadi mbavuni. Mshipi huu wa tabaka mbili ndio bora kuliko vyote nilivyonunua, na wala sikuhitaji ruhusa ya mtu kuubadilisha, tofauti na bastola, ambayo huandikwa katika cheti cha silaha pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo.

Kituo, yaani zoezi moja la mashindano, hata kikiwa kirefu hakizidi risasi 32. Kwa magazini za risasi 15, mbili hazitoshi hata kwa asiyekosa, kwa hiyo beba tano. Magazini ikiangukia mchanga wetu mwepesi, punje huingia na kumkwamisha yule anayedhani kuikung'uta kunatosha. Ifungue, toa springi, pitisha brashi kavu, wala usitie mafuta ndani, kwani mafuta hushika mchanga. Zangu nimezipiga namba kwa rangi nyeupe ili ile inayosumbua niitambue.

Kuhusu risasi, kipimo cha nguvu ni uzito wa kichwa chake kwa greini (kizio kidogo cha uzito) ukizidishwa kwa kasi ya futi kwa sekunde, kisha ukagawanywa kwa 1,000. Jibu lisipungue 125. Risasi ya greini 124 inayokwenda futi 1,050 hutoa 130, na hiyo ndiyo ninayoipenda. Ya greini 115 inayokwenda futi 1,100 hutoa 126, nayo inakaribia mno ukingo, hasa ukiipeleka mashindano ya bara, ambako asubuhi ni ya baridi na baruti iliyopoa huweza kupunguza kasi. Ikishuka hadi futi 1,080 utapata 124, utaruhusiwa kupiga, lakini hutahesabiwa alama.

Vilivyobaki ni vichache. Miwani iwe na matundu ya hewa, la sivyo itaingia ukungu. Vifunika masikio vyenye mito ya kitambaa hufaa kuliko vya plastiki, ambavyo huteleza kwa jasho. Kwa viatu, njumu hushika vizuri kwenye nyasi, lakini juu ya changarawe ya matumbawe zimeniangusha mara mbili, nami nimerudia raba zenye soli laini.