TAHADHARI: Huyu "mwenye nyumba" wa fleti tupu za vijijini anakupa ufunguo lakini nyumba si yake

Jamani, amerudi. Yule yule wa fleti ndogo "tupu, safi, mbali na kelele za mjini". Namba mpya, picha mpya, mchezo ule ule. Mara ya mwisho alimpangisha mtu fleti isiyo yake, akala kodi na amana. Ila maneno ya "kwani hakuwa na akili?" yakome. Aliyeibiwa alifuata kila ushauri tunaopeana, na tapeli huyu ameujenga wizi wake juu ya ushauri huo huo.

Tunaambiana usilipe kabla ya kuona. Basi yeye anakuonyesha! Anatafuta fleti ambayo mpangaji amehama na mwenyewe anaishi mbali, kisha anapata ufunguo uliobaki mikononi mwa huyo aliyehama. Akishafungua mlango, anatoa skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, anachomoa silinda ya kitasa (ile sehemu inayoingia ufunguo) na kuweka yake. Ni kazi ya dakika chache kwa bisibisi moja. Kuanzia hapo hata mwenye nyumba akitokea hawezi kuingia, na wewe unaambiwa, "Nimekuwekea kitasa kipya kwa usalama wako."

Siku ya kuonyeshwa anawahi kufika. Anafungua madirisha yote ili harufu ya unyevu itoke, anamwaga maji tankini, kisha anakusubiri nje akiwa amevaa vizuri, hana papara. Anafungua mlango, anakuacha uingie kwanza. Kuta zimepakwa rangi juzi, sauti yako inarudi kwa sababu hakuna hata kiti. Anafungua bomba la jikoni, maji yanatoka kwa nguvu. Anavuta maji ya choo. Anakuonyesha soketi moja moja na pa kuweka jiko. Hataji pesa kabisa. Wewe ndiye unayeuliza kodi, naye anataja kiasi cha kawaida, si cha bei ya kutupa ambacho kingekushtua.

Halafu simu inalia. Anaweka sauti ya juu. "Bado ipo? Natuma sasa hivi, usimpe mtu." Anakutazama kama mtu aliyebanwa. "Kuna mtu ndani anaiangalia, nipe dakika tano." Anakata. Anasema angependa akupe wewe, kwa kuwa umetulia na nyumba inataka mtu wa kuitunza. Anachomoa ufunguo kwenye kifungu chake, anakuwekea kiganjani. "Jaribu mwenyewe." Unafunga, unafungua, unafunga tena. Mkataba ameshauchapa, nakala ya kitambulisho imebanwa nyuma, jina linafanana na la akaunti. Nani hapo asingelipa? Umeona ndani, umeona maji, umeshika ufunguo.

Na ndiyo maana anachagua nyumba tupu. Yenye samani ingemsaliti: barua mezani, picha ukutani, nguo za mtu kabatini. Tupu haisemi ni ya nani. Kijijini tena nyumba zimeachana, jirani anaona gari linaingia na kutoka, basi.

Ufunguo huo huo anauchonga na kuwapa wengine, wote wameahidiwa kuhamia siku moja. Siku hiyo watu wanakutana getini na malori ya kukodi, magodoro, majiko, mapazia yaliyokatwa kwa vipimo vya madirisha yale yale. Hasara si kodi na amana peke yake. Ni nyumba nzima ya vitu, na mahali walipokuwa wanaishi wameshaparudisha.

Huyu anastahili kufungwa. Tusikubali ile "arudishe pesa yaishe", maana anarudisha ya mmoja kwa pesa ya mwingine. Aliyepiga simu ya uongo afungwe naye, na aliyemuuzia ufunguo pia. Wanaishi kwa aibu yetu: kila anayenyamaza ili asichekwe anamwachia nafasi ya kumwibia mwingine.

Dalili zipo. Silinda inang'aa lakini bamba la kitasa limechakaa. Mkataba hauna namba ya kiwanja wala ya mita. Hataki urudi jioni au uje na fundi. Muulize mambo ambayo mwenyewe lazima ayajue: swichi kuu iko wapi, koki ya kufunga maji yote iko wapi, karo (shimo la maji taka) lilinyonywa lini, maji yakikatika yanatoka wapi. Atajibu kwa maneno mengi na hataonyesha kitu kwa kidole.

Bomba liache wazi muda wote unaokagua, kisha gonga tanki kwa nje upande wa chini. Pakilia utupu, huenda maji yaliletwa kwa pipa. Lita 200 za pipa kwa watu wawili wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku zinaisha siku ya pili. Rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno nayo huwa inaficha unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Hilo hata mwenye nyumba wa kweli hulifanya, kwa hiyo pitisha mkono ukutani popote uendapo.

Ulizia nyumba mbili za jirani. Usiseme "mnamfahamu huyu?", kwa sababu wameshamwona na watasema ndiyo. Sema "hii ni nyumba ya nani?" uache wakutajie jina. Akijiita dalali, namba ya mwenyewe itoke kwa jirani au kwa uongozi wa kijiji, isitoke kwake. Palipo na umeme wa kulipia kabla, nunua kiasi kidogo kabisa kwa namba ya mita ile; mara nyingi jina la aliyesajiliwa hutokea. Ofisi ya ardhi nayo ulizia hati imeandikwa jina gani. Jina la hati, la mkataba na la akaunti yakipishana, ondoka hata kama mtu wa simuni yuko njiani na pesa zake.

Aliyekwisha kulipa asimpigie kwanza tapeli, atatoa pesa zote. Piga benki au mtandao uliotumia kutuma, omba muamala uzuiwe, ndipo uende polisi na mkataba, risiti na ujumbe wote bila kufuta hata mmoja. Ufunguo upeleke huko huko. Usiutumie kuingia wala kuingiza vitu, mwenye nyumba akija atakukuta wewe ndani, si tapeli.