Semi-akustiki: kabla ya kuuliza mbao, uliza betri

Bibi harusi alikuwa ameshafika getini, kule Ahero, karibu na Kisumu, saa saba ya jua kali, gitaa langu la semi-akustiki, yaani la mbao lenye umeme ndani wa kuliunganisha na spika, likazima. Nyuzi zote nzima, kebo nzima. Betri ndiyo iliyokufa, na haikuwa mahali pa kufikika: ilikuwa ndani ya tumbo la gitaa, imebandikwa karibu na shina la shingo. Nikalegeza nyuzi zote sita, nikapenyeza mkono shimoni kama mkunga, nikaitoa. Volti 9, ile ya mraba. Kijana wa boda alizunguka vioski vitano akarudi na betri za saa ya ukutani. Aliyeniokoa ni fundi wa spika: alifungua mita yake ya kupimia stima, akachomoa betri, akanipa bila neno. Kwaya ilikuwa imeshaimba beti tatu kavu.

Kwa hiyo mniwie radhi, wale mnaoniandikia kuuliza kuhusu mbao za spruce na mahogany. Hayo kila muuzaji atawaimbia. Mimi nauliza: inakula betri gani, na inabadilishwa wapi?

Maana semi-akustiki nyingi zina kihisi cha piezo, kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, chini ya mfupa wa daraja, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hukalia. Mawimbi yake ni dhaifu, hivyo kuna priampu ya kuyainua, na priampu hutaka chakula. Swichi yake iko kwenye tundu la kebo. Ukichomeka tu, inawaka, upige usipige. Kanisani kwetu vijana humaliza mazoezi Ijumaa, wakaegemeza gitaa ukutani kebo ikining'inia, kisha Jumapili wanamlaumu shetani.

Namba moja kwangu ni Yamaha APX600. Ndiyo, mimi ni mtu wa Yamaha, na sijifichi. Inakula betri mbili za AA, hizo hizo za saa ya ukutani zilizonikera Ahero, na hizo hazikosi kioskini kuanzia Kondele hadi Bondo. Unabadilisha kutoka nje, hata wimbo ukiwa bado unaimbwa na wenzako. Tyuna, kifaa cha kulinganishia nyuzi, imo ndani, mwili ni mwembamba na haukuchoshi ukisimama ibada nzima. Ila ukichomoa kebo, sauti ni ya mtu mwenye mafua. Nimekulia Kakamega, ambako omutibo, mtindo wetu wa gitaa, ulipigwa kwa kidole gumba na cha shahada huku mwenzako akigonga chupa ya Fanta; George Mukabi, bingwa wa mtindo huo aliyefariki 1963, hakuhitaji spika ili kijiji kisikie. Ukitaka kupiga hivyo, chini ya mti, APX itakuaibisha.

Hapo ndipo inaingia FGX800C ya kampuni hiyo hiyo. Uso wake ni mbao kamili ya spruce, haujagandishwa kwa tabaka, na tumbo ni kubwa. Inasikika bila stima. Ni namba mbili kwa sababu tu nimezoea kusimama.

Namba tatu si gitaa. Kama una akustiki nzuri nyumbani, nunua kihisi cha sumaku cha kubana shimoni. Vipo visivyotumia betri kabisa, na hutoboi mbao. Sauti huelekea kwenye gitaa la umeme, jambo ambalo kwa benga halinisumbui hata kidogo. Sharti nyuzi ziwe za chuma. Za nailoni sumaku haizisikii.

Fender CD-60SCE ina priampu ya Fishman na sauti tamu, siwezi kubisha. Lakini ni volti 9. Ukiipenda, weka mbili za akiba mkobani kabla hujatoka dukani.

Zile za bei ya chini zisizo na jina: yangu ya Ahero ilikuwa mojawapo. Tuendelee.

Sasa wauzaji. Picha imebandikwa, ukiuliza bei, "njoo inboksi". Ukifika dukani, gitaa halina betri na duka halina kebo, "lakini linafanya kazi, dada, wateja wote wamefurahi." Nilinunua hivyo, kipofu. Niliporudi kulalamika nikaambiwa waranti haigusi vitu vya umeme. Kwenye gitaa nililolinunua kwa ajili ya umeme! Ukiuliza mbona Kisumu ni ghali kuliko Nairobi, wanakutajia VAT ya asilimia 16, kana kwamba Nairobi hailipwi.

Nenda na betri yako na kebo yako. Chomeka, kisha gonga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile, kuanzia mnene hadi mwembamba. Mmoja ukisikika kama uko chumba cha pili, huenda mfupa wa daraja haujakaa sawa juu ya kihisi. Fundi anaweza kuurekebisha, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei kabla hujalipa. Tazama pia vyuma vya kisanduku cha betri: ukiona unga mweupe au wa kijani, betri ya bei rahisi imevujia humo, na gitaa hilo si jipya hata likiwa bado na nailoni yake ya kufungia.