Sensa ya joto la injini: mpya ya Kariakoo au used ya Ilala?

Gari likiwa gumu kuwaka asubuhi, mafuta yanakwisha haraka na feni haizimi, huenda sensa ya joto imekufa. Kuibadilisha mwenyewe nyumbani si kazi kubwa. Swali ni ununue ipi.

Used ina utetezi wake: imetoka kwenye injini kama yako na ni ya kiwandani. Ila muuzaji akikwambia "hii nzima, bosi", hana cha kukuonyesha. Nenda na mita ya umeme (multimeter), uiweke kwenye kupima ukinzani, yaani omu. Sensa nyingi za Toyota husoma kama kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi joto 20, kisha hushuka hadi karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. (Kwa joto la Dar, hata sensa nzima itaanzia chini kidogo ya hapo.) Tumbukiza ncha ya sensa kwenye maji ya moto: namba isiposhuka, mrudishie.

Mpya, plastiki ya soketi yake haijakauka, na hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ya used inaweza kukatikia mkononi ukiichomeka. Tatizo la mpya ni feki. Ipime vilevile.

Mimi huchukua sensa mpya, pamoja na washa (ringi ya kuzuia kuvuja) mpya. Ufungaji haubadiliki: injini ipoe kabisa kabla hujagusa mfuniko wa rejeta, chomoa soketi, toa ya zamani na uingize nyingine upesi ili kulanti (kimiminika cha kupozea injini) isimwagike yote. Usikaze kwa hasira, hedi nyingi (kichwa cha injini) ni za alumini, nyuzi zake huharibika kirahisi. Kisha jazia kulanti, si maji ya bomba.